Kopo la Rangi Nyeupe

Gereji, Ijumaa, saa nne asubuhi

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufuate huko kwa wakwe zako na zikukute mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Waambie shangazi yao anawakumbuka, na yule mdogo mwambie bisibisi yake aliyoisahau hapa nimemtunzia. Mgongo wako unaendeleaje? Siku mnaondoka wifi aliniambia huwezi hata kukaa kitako, nami nikasema moyoni kwamba dereva asiyeweza kukaa kitako akaombe kazi ya ulinzi. Hapa nyumbani hatujambo, kwa maana ya kwamba mikono ipo na miguu ipo. Baba anakula kidogo. Macho yake yamezidi kufifia, sasa ananitambua kwa jinsi ninavyoburuta viatu.

Nimekupigia simu siku sita mfululizo. Inaita mara moja, halafu inakatwa. Ndiyo maana naandika, kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Nampa mkononi kaka yake wifi, anayekuja huko kesho alfajiri, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine yeyote. Isome ukiwa peke yako. Nataka nikueleze habari ya gari la Mama Hakimu tangu mwanzo, ingawa mwanzo wake unaujua kuliko mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa kabla halijaja. Gereji ilikuwa tupu kama mdomo wa mtoto mchanga. Nilikuwa naosha spana ambazo hazijachafuka, napanga nati kwa ukubwa, nazipanga tena kwa unene. Baba anakaa mlangoni kwenye kile kiti alichoking'oa kwenye pikapu yake ya zamani, anasikiliza magari yanayopita barabarani na kuyatajia ugonjwa: hili mkanda umelegea, hili plagi zimekufa, hili mwenyewe hajabadilisha oili tangu alinunue. Yote yanapita. Hakuna linalokata kona kuingia kwetu.

Ndipo ukaja wewe na shati lako jeupe la udereva, ukaliingiza uani kinyumenyume. Lilikuwa limepiga goti. Mguu wa mbele kushoto umelala kabisa, tairi imejificha ndani ya tao lake. Mimi nikalipa jina la Malkia papo hapo, na Baba akacheka mpaka akakohoa.

Magari ya namna hiyo hayakalii springi za chuma kama magari yetu sisi watu. Yanakalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo, na mfuko ukivuja gari linaamka limeinama. Kila fundi anayeyafahamu anajua pa kuanzia: mpira huchanika pale unapojikunja. Wengi hukimbilia kubadilisha kompresa, nayo kompresa mpya inakufa baada ya mwezi kwa kupuliza upepo usiojaa. Mimi nilichukua maji ya sabuni na brashi nikapaka mfuko mzima. Mpira ulikuwa mzima kama wa jana. Nikafuata bomba kidogo kidogo mpaka kwenye kijisanduku cha vali, na pale kwenye maungio povu likaanza kuvimba taratibu. Nati ilikuwa imelegea nusu mzunguko.

Nati ya aina ile hailegei yenyewe. Niliona, lakini sikusimama kufikiri. Nilikuwa na njaa ya kazi. Niliikaza, nikakagua na nati zote za usukani kwa kuwa gari lilikuwa limeshainuliwa, na kila niliyoigusa nikaipaka mstari wangu wa kijani.

Sheria ya Baba unaijua, lakini acha niiandike, maana habari yote inaning'inia hapo. Hakuna nati inayotoka gereji hii bila alama. Ukishakaza, unachora mstari mmoja wa rangi unaokatiza kwenye nati na kwenye bolti, ili nati ikisogea mstari uvunjike na mtu aone. Na kila mkono una rangi yake, ili ikitokea jambo lijulikane ni la nani. Nyeupe ya Baba, njano yako, kijani yangu. Nikiwa na miaka tisa nilishika brashi hiyo kabla sijashika spana, na wewe ndiye uliyeniita Kijani, jina likaniganda. Baba alitufundisha mpaka mikono ikawa inafanya yenyewe bila kuuliza kichwa.

Nilipokukabidhi funguo siku ile, ukanipiga begani, ukasema, “Usijali, Kijani. Hilo litarudi tu.” Nikacheka. Sasa hivi neno hilo silicheki tena.

Malkia alikaa uani kwetu siku tatu, kwa kuwa nilitaka nimwone akiamka wima. Alikuwa ameitazama barabara, anang'aa, na kila aliyepita alimwona. Haikupita wiki yakaja mengine mawili ya ukoo wake. Baba akaanza kupiga mluzi. Nilikuwa sijasikia mluzi ule tangu Mama afariki.

Wiki ya nne ukamleta tena, betri imekufa. Kazi hiyo inataka uvumilivu kuliko nguvu. Unafunga milango, unalifungia gari, unangoja nusu saa nzima mpaka liamini kwamba limeachwa peke yake na lilale, kisha unapima kama kuna kitu bado kinakunywa umeme. Kilikuwapo. Nikachomoa fyuzi moja moja, nikisubiri kila mara, mpaka nilipochomoa ya buti mshale wa kipimo ukaanguka. Nyuma ya plastiki ya buti, kwenye plagi ya swichi ya taa, kulikuwa na kipande cha karatasi ya kung'aa kimekunjwa mara nne na kushindiliwa katikati ili taa ibaki inawaka hata buti likifungwa.

Nilikikunjua. Kilinuka mnanaa.

Nikakitia mfuko wa ovaroli, nikaandika kwenye kadi ya kazi kwamba tatizo lilikuwa swichi ya taa ya buti, na nikaendelea na mambo yangu. Baba aliniuliza mbona nimenyamaza ghafla, nikamwambia kichwa kinauma.

Mara ya tatu ilikuwa maji. Malkia alikuwa anapunguza maji ya rejeta bila kudondosha hata tone, na ndani kunanuka kitu kitamu kama sukari inayoungua. Nilifunga pampu ya mkono, nikajaza presha, nikaona bomba la plastiki nyuma ya injini limepasuka kwenye mshono wake, ugonjwa wa siku zote wa magari hayo. Niseme ukweli, Kaka, nilifurahi kama mtu aliyekuta fedha aliyodhani imeibwa. Ulikuwa ubovu wa kweli, wa uzee na joto, ambao haukutoka mkononi mwa mtu.

Siku hiyo nilitoka kwenda kutafuta bomba, na niliporudi nilikuta miguu ya Baba inachungulia chini ya gari. Alikuwa amejisogeza mwenyewe, spana mkononi na kopo lake jeupe kifuani, anapapasa nati za usukani moja baada ya moja. Nilimgombeza, Mungu anisamehe, kama ninavyomgombeza mwanao akishika umeme. Akasema alitaka tu kujua kama mikono yake bado inasikia. Alipotoka nilipita nyuma yake kukagua. Zote zilikuwa zimebana kuliko nilivyobana mimi, ila rangi yake yote ilikuwa imeishia kwenye bampa, wala si kwenye nati. Kumbuka hilo, kwamba nilikagua na zilikuwa zimebana.

Kisha ikaja Jumanne ile.

Yaliyotokea uliyaona, lakini hukuyaona yote, maana asubuhi hiyo Mama Hakimu alikutuma mahakamani mapema na mafaili kwa gari dogo. Hukulitegemea hilo. Akaamua kumpeleka mjukuu wake shule mwenyewe. Kwenye mteremko wa kona alikata usukani, tairi moja ikatii na nyingine ikaendelea na safari yake. Waligonga ukuta wa duka la mabati. Mama Hakimu amevunjika mfupa wa bega. Mtoto alikuwa amejifunga mkanda, akapasuka mdomo tu, lakini nimesikia kwamba mpaka leo ukimwambia apande gari anajikojolea.

Wiki hiyo hiyo Mama Hakimu alikuwa asome hukumu ya kesi ambayo mji mzima ulikuwa unaingoja. Kwa hiyo kufika adhuhuri kila mtu alikuwa na jibu. Maadui wamelipa mtu. Na kufika alasiri mtu mwenyewe alikuwa amepatikana: Povu, yule muosha magari, kwa sababu kila asubuhi ndiye anayelala chini ya Malkia na mpira wa maji, na kwenye mfuko wake walikuta spana. Spana ya kukazia mpira wake, Kaka. Tuliyempa sisi.

Wewe Jumamosi ukapewa likizo kwa ajili ya mgongo na mshituko, ukaondoka. Jumatatu wakamvuta Malkia kwa mnyororo mpaka hapa. Afisa wa upelelezi ni mtu mpole, viatu vyake safi, anaruka matone ya oili kama anavuka mto. Akanieleza kwamba wamelileta kwetu kwa sababu mimi ndiye ninayelijua gari hilo, na anachotaka ni ripoti ya jambo moja tu: nati ya usukani iliyochomoka ililegea yenyewe au ililegezwa na mtu.

Nililala chini ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nati yenyewe nilikuta imenaswa kwenye bamba la chini, haikwenda mbali. Ilikuwa na mstari wangu wa kijani, umefifia, na juu yake mstari mwingine mpya. Kwenye bolti, rangi hiyo mpya ilikuwa mwisho kabisa, kwenye ncha, mahali ambapo nati iliyokazwa haiwezi kukutana nayo. Kwenye nyuzi zake za nyuma, pale nati inapokaa ikikazwa, hakukuwa na hata tone. Maana yake mtu aliilegeza mpaka ikabaki inashikwa na ncha, kisha, Kaka, akachukua brashi akaipaka alama. Mstari mnyoofu, mzuri, na kamkia kake kidogo mwishoni.

Nani duniani analegeza nati ili ianguke halafu anaiwekea alama kwamba imekazwa? Hakuna adui anayefanya hivyo. Hafanyi hivyo hata mwendawazimu. Anafanya mtu mmoja tu, ambaye mkono wake ulifundishwa utotoni usiondoke kwenye nati bila kupaka.

Afisa aliinama, akaona rangi mbili, akaniuliza. Nikamwambia kijani ni yangu ya ukaguzi wa zamani, na ile nyingine sijui, labda ya kiwandani, maana viwandani nako wanapaka. Akaandika. Anakuja Jumatatu saa tatu kuchukua ripoti yangu.

Tangu siku hiyo mke wa Povu anakuja kila asubuhi. Anasimama getini na mfuko wa plastiki wenye ndala za mumewe, kwa sababu walimchukua akiwa na mabuti ya mpira na anasema miguu yake ina fangasi. Hanilaumu, hapigi kelele. Ananiuliza tu kama ile karatasi nimeshaiandika. Namwambia bado. Ananishukuru, anaondoka na ndala zake. Kaka, afadhali angenitukana.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike, nisizunguke tena.

Nilijua. Nilijua tangu karatasi ya mnanaa. Tangu uache sigara hakuna mwingine anayekunja karatasi ya pipi mara nne kama anafunga dawa. Nilielewa kwamba unamtia Malkia ugonjwa ili aje kwetu, ili wapita njia wamwone, ili Baba apige mluzi. Na sikukuambia neno. Nilijidanganya kwamba upepo na taa ya buti haviui mtu. Ungeniona siku zile nilivyokuwa naimba nikifungua milango ya gereji. Ningekukamata mkono siku ile ya betri, usingefika kwenye usukani. Najua ulitaka litoe mlio tu, liteteme, wewe mwenyewe ukiwa umelishika, uliendeshe polepole mpaka uani kwetu. Najua kwa sababu ni wewe. Lakini nati za namna ile zikishafunguliwa mara moja hazishiki tena, na hilo Baba alitufundisha sote wawili, siku moja, kwenye benchi moja.

Hilo ni langu na lako. Lingine ni langu peke yangu.

Juzi Jumatano, tukiwa tunakula, Baba aliweka kijiko chini akaniuliza ile nati ilikuwa na alama. Sikuweza kusema haina. Angejua nadanganya, hakuna nati inayotoka hapa bila alama. Nikasema ipo.

“Rangi gani?”

Nilifikiri haraka, Kaka, na nilifikiri vibaya. Kijani ilikuwa kunitaja mimi. Njano ilikuwa kukutaja wewe, na nikaona moyo wake hautahimili. Nikadhani mzee asiyeona, aliyestaafu zamani, hakuna atakayemgusa, na neno hilo litaishia pale mezani. Nikamwambia nyeupe.

Aliisukuma sahani yake kando. Halafu akasema, “Basi ni mimi. Nililegeza nikidhani nakaza.”

Nikakimbilia kumwambia kwamba siku ile nilikagua nyuma yake na zote zilibana. Akatabasamu, akanipapasa kichwa, akasema mimi ni mtoto mwema, ninamfunika. Haniamini tena. Nimemwambia uongo mmoja akauamini, na ukweli ninaomwambia anauona ndio uongo.

Tangu juzi hajagusa kazi. Kile kiti chake amekigeuza, kinatazama ukutani. Magari yanapita na hayatajii ugonjwa. Jana alikusanya spana zake zote, akazifuta moja moja, akanikabidhi, na lile kopo la rangi nyeupe akaniomba nikalimwage. Nimelificha nyuma ya mitungi. Anainua mikono yake mbele ya uso, anaigeuza geuza, kama anatafuta ni upi kati ya hiyo miwili. Leo asubuhi ameniambia nimpigie pasi lile shati alilovaa kwenye harusi yako. Jumatatu saa tatu, afisa akija kuchukua ripoti, atamkuta amekaa mlangoni tayari. Anasema Povu ana watoto wadogo na yeye wake wameshakua, na wote wawili wametoka watu wazuri.

Sijamwambia. Ninamwogopa kuliko ninavyomwogopa afisa. Na kuna sehemu yangu inayotaka asikie kwa sauti yako, kwa sababu ni wewe ambaye alikuwa akikutegea sikio gari lako likikata kona, kabla hajasikia gari lingine lolote.

Kwa hiyo nakungoja Jumapili. Basi la mchana linafika hapa jioni, bado kuna mwanga. Ukija, tutakaa naye tukiwa wawili, utasema yako na mimi nitasema yangu, na Jumatatu tutakwenda kwa afisa kwa miguu yetu. Usipokuja, nitamwambia Baba mwenyewe rangi ilikuwa ipi, na nitaiandika kwenye ripoti, pamoja na siku niliyoikunjua ile karatasi na nikanyamaza. Karatasi ninayo. Sikuitupa, na mpaka leo sijui kwa nini sikuitupa.

Sikutishi, Kaka. Mimi ni mdogo wako na nakupenda, na wino umenidondokea mara mbili kwenye barua hii, utaona.

Wape wakwe zako heshima zangu. Mbusu yule mdogo na mwambie bisibisi yake haijapata kutu. Wifi usimwambie njiani, mwambie mkishakaa. Baba anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikuulize mgongo, na akanisihi nisikutajie lolote kuhusu Jumatatu, asije akakukatishia mapumziko. Anasema umeshafanya ya kutosha kwa ajili ya nyumba hii.

Ni mimi mdogo wako,
Kijani